Mdomo wa Ishirini

Mwalimu Editha anao ndugu waliosoma. Anayo kompyuta. Anaye na shemeji yake anayeandika risala za harusi mpaka watu wanalia. Lakini kijitabu cha miaka kumi ya chekechea yake kilipopungukiwa habari za mpishi, nani kasumbuliwa? Mie, niliyeishia darasa la tatu, ninayeshika kalamu kama mwiko. Eti, "Wewe ndiye unayemjua Mama Gozbert kuliko sote." Kumjua namjua, tumepakana ukuta miaka ishirini na sita. Lakini kumjua mtu ni kazi moja na kumwandika ni kazi nyingine, na hii ya pili inatia ganzi vidole. Nimekubali kwa sharti: asinihimize, asinisahihishe, neno likikaa upande aliache likae upande. Na kama alitaka sifa tupu angekwenda kwa shemeji yake. Mie naandika yaliyotokea.

Auleria ndilo jina lake la ubatizo. Watu wazima hapa Kawe Ukwamani wanamwita Mama Gozbert, kwa mwanawe wa kwanza, na watoto wanamwita Bibi Uji. Ni mwanamke mrefu, mkavu kama mchi, anayetembea kifua mbele hata akiwa na ndoo kichwani. Alizaliwa Kamachumu, kule Kagera, akaja Dar na mumewe Revelian, karani wa bandari, Mungu amlaze pema. Revelian alipofariki, Gozbert alitaka kumhamishia mama yake Mwanza. Auleria alimjibu kwenye simu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia:

"Nije kufanya nini? Kutazama ziwa? Ziwa nimezaliwa nalo, nilishalitazama likaisha."

Akabaki. Mwaka huohuo Mwalimu Editha alifungua chekechea kwenye nyumba ya baba yake, pale pale mtaani, akamwomba awapikie watoto uji wa saa nne. Tangu siku hiyo Auleria hajawahi kukosa. Mvua ya masika ikijaza barabara, anapita na sketi kaikunja magotini. Uji wake wa dona na ulezi na karanga za kusaga si mzito wa kukaba wala si mwepesi wa kuogea, na kuna wazazi waliokuwa wanachelewa kuondoka makusudi ili wapewe ukoko.

Sasa nieleze jambo lake moja, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Kwao Kamachumu pombe ya ndizi haimfikii mgeni kabla mwenyeji hajaipiga funda mbele ya macho yake. Ni kumwambia: humu hamna kitu, na kama kimo tutakufa wote. Auleria aliuleta utaratibu huo kwenye uji. Kila kikombe alikipuliza, akakipiga funda moja dogo, ndipo akampa mtoto. "Haya kunywa, mwanangu, bibi keshapita." Watoto thelathini na wanne, mafunda thelathini na manne, kila siku ya shule. Yeye hakuona uchafu hapo. Aliona heshima, na watoto waliona hivyohivyo, maana aliyepewa kikombe ambacho hakijaonjwa alilia mpaka kirudishwe.

Na vikombe vyenyewe vilikuwa kumi na viwili, vya plastiki, vyote rangi ya chungwa. Watoto walikunywa kwa zamu tatu. Zamu ikimaliza, vikombe vinachovywa kwenye ndoo ya maji, vinakung'utwa, vinajazwa tena.

Basi mwaka jana, baada ya likizo ya Juni, akaja Daktari Hawra. Ni binti wa Kihindi, mjukuu wa mzee Akberali mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kazaliwa hapahapa Dar na Kiswahili chake kinakimbia kuliko chetu. Anatibu meno, na mara moja kwa mwaka anazunguka chekechea za huku kuwakagua watoto bure. Alikaa barazani na tochi kafunga kichwani kama mchimba madini, watoto wakapanga foleni, kila mmoja akaachama.

"Huyu ana mawili. Huyu moja. Huyu, mashallah, safi. Huyu manne."

Mwenye manne alikuwa Lusungu, msichana wa miaka sita, kiranja ambaye hakuna aliyemchagua. Aliposikia ana mashimo mengi kuliko wote alirudi darasani anatamba. "Mie manne! Nyie mna mangapi?"

Hesabu ilipokwisha, watoto ishirini na watatu walikuwa na meno yaliyotoboka. Ishirini na watatu kwenye thelathini na wanne. Mwalimu Editha alikaa chini. Daktari Hawra akavua tochi, na hapo ndipo Auleria alipopita na sinia la vikombe, akaanza kupuliza na kupiga mafunda yake kama siku zote.

Daktari alimtazama mpaka kikombe cha tano.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Bibi, naomba nikueleze kitu kidogo kuhusu wadudu wa meno."

"Mdudu wa jino nani asiyemjua?" alisema Auleria. "Mweupe, mfano wa funza wa kwenye maharage. Kwetu alikuwa anatolewa kwa moshi."

"Huyo hajawahi kuonekana, bibi, hata kwa darubini. Ninaowasema mie ni wadogo mno, mia wakijipanga mstari hawafiki punje moja ya chumvi. Wanakaa kwenye meno, wanakula sukari tunayokula sisi, halafu wanaacha uchachu. Uchachu huo ndio unaotoboa jino."

"Basi wanatoka kwenye sukari."

"Sukari ni chakula chao. Wao wenyewe wanasafiri kwenye mate. Mtoto hazaliwi nao, anapewa. Anapewa na mama, na bibi, na wenzake wa darasani. Kijiko kimoja, kikombe kimoja, pipi moja midomo mitatu. Ndiyo njia yao."

Auleria aliweka sinia chini.

"Umesema bibi. Hapa bibi ni nani mwingine?"

"Nimesema bibi yeyote, bibi yangu."

"Mate yangu ni sumu, sivyo?"

"Sijasema sumu."

"Nimelea watoto saba kwa mate haya. Nilikuwa nawatafunia nyama. Na haya yaliyotoboka si ya maziwa? Si yatang'oka, yatupwe juu ya bati, yaje mengine?"

"Yaking'oka, wadudu hawang'oki nayo," daktari alisema, taratibu. "Wanabaki mdomoni, wanayasubiri hayo mengine."

Auleria aliinama. Akabeba sinia lake. Akaendelea na kikombe cha sita. Alipuliza, akapiga funda, tena kubwa kuliko la kawaida.

Habari ziliruka ukuta kabla watoto hawajafika nyumbani. Kuna mama mmoja hapo, Mama Brightson, anafanya kazi kampuni ya bima, mtu msafi hata gari lake linaogopa vumbi. Alituma sauti ya dakika nne kwenye grupu la wazazi. Jirani mwingine mwenye mtoto pale alinirushia, nami nikamsikilizisha Auleria, maana sifichi. Mama Brightson alisema uji una sukari nyingi, kweli ilikuwa nyingi. Alisema yule bibi ana meno mabovu na anaweka mdomo kwenye kila kikombe, kweli aliweka. Kisha akasema uji ufutwe, kila mtoto aje na chakula chake kutoka kwao, na "bibi wa watu, kazi kafanya, sasa apumzike." Kikao cha wazazi kikapangwa Ijumaa ya wiki inayofuata, saa sita mchana, wakati wa kuchukua watoto.

Auleria alisikiliza mpaka mwisho akanirudishia simu. Hakuuliza mshahara. Alichouliza ni hiki:

"Nikipumzika, nitaamka saa kumi na moja nimkorogee nani?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, wazazi wataelewa. Hakunisikia. Mtu wa miaka sabini na miwili akiambiwa apumzike, anajua anaelekezwa wapi.

Kesho yake alikuwa keshapata shauri. Kama daktari kasema wadudu wanapitia kwa wenzao wa darasani, basi na wapitie huko, na yeye atawaona wanavyopita, na Ijumaa atawasimamisha wazazi na kuwaonyesha kwamba si mpishi. Kila asubuhi alikuwa anafika mapema, anawasha kuni zake, halafu anakaa nyuma ya dirisha la jiko anatazama uwanjani. Kuandika hanizidi mie, kwa hiyo alichora mistari ya mkaa ukutani.

Siku ya kwanza alichora mistari minne. Barafu ya ubuyu, watoto wanne, kila mmoja ananyonya pembe yake. Siku ya pili penseli ya Mwalimu ilitafunwa na watatu. Siku ya tatu ndiyo aliyoona jambo lenyewe. Kulikuwa na bablishi. Bablishi moja, ya waridi, Lusungu kaja nayo kutoka kwao, na Mwalimu Editha wiki hiyo alikuwa kawafundisha kuhesabu mpaka kumi. Basi watoto walijipanga mstari nyuma ya choo. Wa mbele anatafuna, wote wanamhesabia kwa sauti moja. Moja, mbili, tatu. Ikifika kumi Lusungu ananyoosha kiganja.

"Toa."

"Bado tamu!"

"Kumi imefika. Toa, na wengine wana midomo."

Inatolewa, inavutwa kidogo kama mpira, inaingia mdomo unaofuata. Mmoja nusura aimeze, akaivuta nje kwa kidole, nao wakaendelea bila kuanza upya. Auleria alihesabu midomo kumi na mmoja. Alitaka kupiga kelele, lakini akajizuia kwa nguvu zote, maana huo ulikuwa ushahidi wake. Nilimkuta jioni anacheka peke yake uani.

"Kumi na mmoja, jirani! Kumi na mmoja, bablishi moja! Na wana utaratibu kuliko benki!"

"Na wewe kuonja umeacha?" nilimuuliza.

"Kwa nini niache? Nikiacha nitakuwa nimekiri."

Huo ndio ukaidi wake, na mie siulaumu, maana ninao wangu.

Ijumaa ikafika. Asubuhi hiyo Nurdin, kijana wa miaka mitano mwenye macho makubwa, alikuja na mdomo wa zambarau. Alikuwa na vidonda mdomoni na mama yake alikuwa kampaka dawa, ile ya rangi ambayo watu wanaiita jivii, na mama yake ni mtu asiyejua kupaka kidogo. Midomo, ulimi, mpaka meno. Alifanana na mtoto aliyekula wino.

Auleria alimwona akapigwa na wazo. Hakumtuma Nurdin popote, Mungu shahidi. Alikaa tu nyuma ya dirisha lake. Na kama alivyotaraji, kabla ya kengele mstari ukajipanga nyuma ya choo, hesabu ikaanza, na Nurdin siku hiyo alikuwa wa kwanza. Bablishi iliingia kwake ya waridi ikatoka ya zambarau. Ilipofika kwa wa mwisho kulikuwa na midomo kumi na mmoja yenye rangi moja, mingine imekolea, mingine imegusika tu pembeni.

"Nimewapata," Auleria alijisemea. Akapakua uji anaimba wimbo wa kanisani. Zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipuliza, akapiga funda, akagawa. Vikombe vikachovywa, vikajazwa. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakutazama ukingo wa kikombe hata kimoja.

Saa sita wazazi walikaa darasani kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Daktari Hawra alikuwa amealikwa, kasimama kando ya ubao. Mama Brightson alikuwa mbele na leso nyeupe mkononi, na mwanawe Brightson kasimama kando ya kiti chake, kageukia ukuta. Mwalimu Editha hajamaliza hata kukaribisha, Auleria akaingia na aproni yake, kichwa juu.

"Shikamooni kwa mnaonizidi, kama yupo," alisema. "Mmekuja kunihukumu, nami nimekuja na mashahidi. Watoto, ingieni."

Wakaingia kwa mstari, maana mstari wanaujua. Wazazi walianza kuguna. Wengine walisimama.

"Hope! Umefanya nini mdomo?"

"Mwanangu kala nini, jamani?"

"Tulieni," alisema Auleria. "Hii ni dawa ya Nurdin. Asubuhi alikuwa nayo Nurdin peke yake. Daktari alisema wadudu wanapitia kwenye mate. Haya, njia yao hii hapa, imepakwa rangi. Bablishi moja imepita midomo kumi na mmoja kwa hesabu ya kumi kumi. Nimeona kwa macho yangu. Sasa nani kaozesha meno ya watoto wenu, uji au bablishi?"

Watu walishangilia. Baba mmoja alipiga makofi. Auleria alikunja mikono kifuani akasubiri wamwombe radhi.

Daktari Hawra alikuwa anatembea kwenye mstari anawashika watoto videvu mmoja mmoja. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

"Bibi, hesabu yako ilikuwa kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja."

"Mie naona kumi na tisa."

Auleria alihesabu mwenyewe kwa kidole. Kumi na tisa. Akasimama mbele ya Hope, mtoto mpole ambaye mama yake kamkataza bablishi na hajawahi kuigusa, na mdomo wa chini wa Hope ulikuwa na mstari wa zambarau mwembamba, umekaa sawasawa kama ukingo wa kikombe.

"Wewe nawe ulitafuna?" Auleria alimuuliza.

"Sijatafuna, bibi. Nimekunywa uji tu."

Na hapo Lusungu, ambaye Mungu hakumpa sauti ya chini, akauliza:

"Na wewe bibi, mbona umetafuna bablishi yetu? Hukukaa foleni!"

Watoto wakamtazama Bibi Uji. Wazazi, ambao mpaka hapo macho yao yalikuwa kwa watoto tu, wakamtazama. Mwalimu Editha alifungua mkoba, akatoa kioo chake kidogo, akamkabidhi. Auleria alijitazama. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, juu na chini, imekolea kuliko ya Nurdin mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nimemwona Auleria akizika mume, na siku ile alisimama hivyohivyo, shingo imenyooka. Nilidhani atatoka. Na angetoka, ndiyo ingekuwa basi, asingerudi tena kwenye jiko lile, namjua.

Hakutoka. Akamrudishia Mwalimu kioo chake.

"Andika ishirini," alimwambia daktari. "Kumi na tisa wao, wa ishirini mimi. Hawa wanane hawakupewa na bablishi. Niliwapa mie, nikiwaonjea."

"Rangi si wadudu, bibi," Daktari Hawra alisema. "Leo hakuna aliyedhurika."

"Lakini njia ni ileile?"

"Njia ni ileile."

Mama Brightson akainuka. "Si nilisema? Si nilisema kwenye grupu? Mimi mwanangu kwangu kila kitu chake peke yake, sahani yake, kijiko chake..." Huku anasema, akamvuta Brightson amgeuze, na uso ulipogeuka, na yeye alikuwa wa zambarau kama wenzake. "Mungu wangu! Hebu njoo." Akachukua pembe ya leso yake nyeupe, akailamba, akamsugua mtoto mdomo. Haikutoka yote. Akailamba tena palepale, kwa nguvu zaidi, akasugua. Akailamba mara ya tatu.

Wa kwanza kucheka alikuwa Erasmus, baba yake Hope, fundi seremala, mtu ambaye huwa hatoi neno mpaka alipiwe. Alicheka mpaka kile kiti kidogo kikavunjika mguu. Halafu darasa zima. Mama Brightson alisimama na leso mdomoni, hajui tunachekea nini, mpaka Lusungu alipomwonyesha kwa kidole.

"Mama Brightson, toa ulimi!"

Akautoa, masikini, kwa mshangao tu. Zambarau.

"Mwanao ishirini na moja, wewe ishirini na mbili," alisema Auleria.

Kwa kweli ilikuwa heri, maana yule mama naye akacheka, akakaa chini anajifunika uso. "Jamani mama yangu alikuwa anatufuta hivihivi," alisema. "Mama wa nani hakufanya hivyo?" akajibiwa kutoka nyuma, na kila mama mle ndani akawa anatazama kanga yake.

Daktari Hawra alingoja kicheko kiishe. "Mkimwondoa bibi, bablishi itabaki," alisema. "Mkipiga marufuku bablishi, leso zitabaki. Hata nyumbani kwetu bibi yangu Dolat alikuwa anaonja uji wangu kwa kijiko changu. Sisi wote tumepeana. Tunachoweza ni kupunguza: mate yasipite, sukari ipungue, watoto wapige mswaki na dawa yake asubuhi na usiku."

Erasmus akainua mkono, na mguu wa kiti bado uko mkononi. "Mie sijaona uji mbaya hapa," alisema. "Nimeona vikombe vichache."

Hilo ndilo neno lililoamua. Mwalimu Editha aliuliza nani anataka uji uendelee na Mama Gozbert apike, na mikono ilipanda mingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, wa Mama Brightson ukiwa wa mwisho lakini ulipanda. Masharti yakawa matatu. Kila mtoto kikombe chake. Sukari nusu. Na mdomo wa mpishi usiguse cha mtoto.

"Nami nina langu," alisema Auleria. Wengine walianza kunung'unika, akawatazama wakanyamaza. "Sigawi uji ambao mpishi hajaunywa. Hilo halijadiliwi. Nitakuwa na kikombe changu. Nitasimama mbele yao wote, nitakunywa kwanza, wataniona. Halafu watakunywa."

"Hilo halina neno, bibi," alisema daktari. "Hilo ni zuri."

"Sikukuuliza kama ni zuri, mwanangu. Nimekuambia litakavyokuwa."

Mwisho wa wiki ile alikwenda mwenyewe kliniki kwa Daktari Hawra. Alizibwa meno mawili, la tatu liling'olewa. Akadai apewe jino lake, akapewa kwenye pamba, na mpaka leo hasemi kalipeleka wapi. Jumapili baada ya misa tulikaa uani na vikombe thelathini na vinne walivyochanga wazazi, na chupa ya rangi ya kucha. Mwalimu alitaka tuandike majina. Auleria akamuuliza ni mtoto gani wa miaka mitano atasoma jina, na ni mpishi gani. Tukachora. Kuku, samaki, mwezi, ndizi, mwavuli, ufunguo. Kuku wangu alitoka kama birika, na ndiye anayegombewa kuliko wote.

Jumatatu alisimama mbele ya watoto na kikombe chake, amekichora mchi. Akakiinua wote wakione, akapuliza, akanywa mafunda matatu, akajifuta. "Bibi keshapita. Kunyweni." Hakuna aliyekunywa. Walikuwa wanangoja kila mmoja apewe la kwake. Hope akasogeza kikombe chake mezani taratibu.

"Bibi, cha kwangu hujapuliza."

Nilimwona Auleria akiinama, mazoea yakimvuta shingo, midomo imeshajikunja. Akasimama katikati. Kisha akachukua mfuniko wa sufuria, akampepea. Akampepea na anayefuata, na anayefuata, watoto thelathini na wanne, mkono ukamuuma wiki nzima. Sasa wamezoea, wanajipepea wenyewe na madaftari, darasa zima kama kuku wanaotaka kuruka.

Daktari alirudi Novemba, nje ya zamu yake ya mwaka. Yale mashimo ya zamani yalikuwepo, hayazibwi na kikombe, mengine kayaziba yeye. Mapya alikuta mawili, na yote mawili ya Lusungu, ambaye bado ana bablishi mahali na bado hatujajua wapi. Auleria anaitafuta. Ameanza mistari mingine ukutani.

Nimemaliza, na kidole changu kimevimba. Sasa wewe uliyekaa kitako ukasoma jasho la mtu bure, usiniletee habari kwamba umefurahi. Januari wamekuja watoto wapya sita, walioondoka wamebeba vikombe vyao, na visivyo na mwenyewe ni viwili tu. Lete kikombe kigumu, kisichopasuka, na mswaki wa mtoto juu yake. Usikiandike jina, kichore. Ukishindwa kuchora kuku, chora birika. Ulete kwa Auleria mwenyewe, jikoni, kabla ya saa nne, na usije mikono mitupu kuomba ukoko.